MikroRNA za kinga ya mimea: zinazaliwaje, zinabadilikaje

Mvua ikizidi Kibumba, kaskazini ya Goma, shamba la birayi (viazi mviringo, kwa msomaji wa Dar) laweza kuwa kijani juma hili na jeusi juma lijalo. Maagronomu wanauita ugonjwa huo mildiu. Swali la mkulima ni mbegu ipi itahimili. Mimi nina jingine: kama mmea una jeni za kupambana, mbona hauziachi wazi zote usiku na mchana?

Muulize mwenye parseli (kiwanja) aliyeweka zamu (walinzi) kumi. Lazima awalishe wote kumi, na ipo siku watampiga mtoto wa nyumbani wakidhani ni mwizi. Jeni za kinga ziitwazo NLR ni hivyo hivyo. Mimea mingi inazo mamia, na zikichachamaa bila adui, mmea hudumaa au majani hujifia. Ndiyo maana zinabanwa na mikroRNA, vipande vya RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) vyenye herufi 21 au 22 tu, ambavyo hunasa ujumbe wa jeni inayolingana navyo ukakatwa kabla haujazaa protini.

Vipande hivyo vinatoka wapi? Mara nyingi, kwenye jeni hizo hizo za kinga. NLR hujirudufu ovyo ovyo. Nakala mbili zikikaa jirani, moja imegeuzwa, RNA yake hujikunja kama kitenge, na vimeng'enya huikatakata. Vipande vinamjua zamu kwa kuwa ni damu yake. Vizazi vikipita, sehemu kubwa ya mkunjo huchakaa, kikabaki kile kipande kifupi chenye kazi.

Basi jeni nazo hubadilika, maana vimelea haviachi kuzisumbua. MikroRNA hazipotezi shabaha? Familia kongwe ya miR482, iliyomo kwenye nyanya, viazi na hata misonobari, imelenga pasipobadilika: mahali ambapo protini ya NLR hushikia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Pakiharibika hapo, zamu ni wa bure. Pana glisini nyingi, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na glisini huandikwa kwa G mbili na herufi ya tatu yoyote kati ya nne. Hiyo ya tatu ndiyo pekee yenye uhuru. Utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha mimea mingi ulikuta mikroRNA zimetofautiana hasa kwenye nafasi zinazokabili herufi hizo za tatu. Jeni ikisogea, nazo zinasogea. Sijaona ufukuzano mzuri kuliko huu.

Virusi vingi huja na protini za kuzima RNA ndogo ili vijilinde. Hapo huwa vimekata kamba iliyowafunga mazamu. Wanasayansi nao wameikata kwa makusudi: mwaka 2019 walichapisha kazi ya nyanya zilizopewa RNA za kunasa miR482 na miR2118, ndugu yake, na nyanya hizo zikamhimili vizuri zaidi Phytophthora infestans, kimelea kile kile cha mildiu ya Kibumba.