Spidi ya mtaani: ile namba ya kwenye kibao nani anaichagua?

Kwenye ofisi kama yetu, ya mipango ya barabara za mji, barua inayokuja kuliko zote ni ya wakazi wa mtaa flani wanaomba spidi ishushwe. Inakuja na sahihi za majirani, wakati mwingine na picha ya paka aliyegongwa, na karibu zote zinaisha na swali lile lile, mnasubiri mpaka mtoto afe? Majibu ambayo ofisi nyingi zimerudisha kwa miaka mingi ni kwamba tumepima na vipimo havionyeshi haja. Mtu anasoma hapo anaona kama ametukanwa, na mimi simlaumu, maana hakuna aliyekaa naye akamweleza hivyo vipimo vinapimaje na vinampima nani. Ngoja nijaribu.

Kwanza kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna spidi ya sheria, ile ipo hata kama hakuna kibao hata kimoja, ukiingia tu eneo la makazi inakuhusu, na nchi nyingi imewekwa kilomita 50 kwa saa. Alafu kuna spidi ya kibao, hapo mamlaka imeamua kwamba barabara hii iwe tofauti na ile ya jumla. Wengi wanadhani diwani akikubali na injinia akikubali basi kesho fundi anachimba shimo anasimika mlingoti, lakini miji mingi haina hayo madaraka, sheria ya juu inasema huwezi kwenda chini ya namba flani mpaka ufanye utafiti wa kiinjinia au mpaka sheria yenyewe ibadilishwe. New York pamoja na ukubwa wake wote ilibidi iombe jimbo, ikapewa ruhusa 2014 kushuka kutoka maili 30 kwa saa hadi 25 (yani kutoka kama kilomita 48 hadi 40), na ilipotaka kwenda maili 20 ikasubiri jimbo tena mpaka 2024. Jimbo la Minnesota lilizipa mamlaka city zake mwaka 2019, mwaka uliofuata tu Minneapolis na Saint Paul zikashusha mitaa ya makazi hadi maili 20. Kwa hiyo kabla hujamkasirikia diwani uliza kwanza kalamu iko mkononi kwa nani.

Sasa kupima. Fundi anaenda na tochi, kile kifaa cha kupimia spidi kama cha polisi, au anatandaza mirija miwili ya mpira yenye hewa juu ya lami, umbali kati yake unajulikana, gari likikanyaga wa kwanza kisha wa pili kidude kilichofungwa pembeni kinapiga hesabu ya muda kinatoa spidi. Anayetumia tochi anatakiwa ajifiche kidogo, akae kwenye gari la kawaida lisilo na nembo, asivae ile koti ya kung'aa, maana dereva akiona kitu kinang'aa pembeni mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe na hapo kipimo kimeshaharibika. Siku iwe kavu, iwe siku ya kazi, isiwe saa ya foleni. Na hahesabu kila gari, yakija matano yamefuatana anachukua la mbele tu, kwa sababu manne ya nyuma hayajachagua spidi yake, yamechaguliwa. Kwa kawaida yakifika kama mia hivi anafunga daftari.

Chukua hayo mia uyapange mstari, kuanzia linalotambaa mpaka linalopaa, hesabu kutoka chini hadi la 85, tazama lilikuwa na spidi gani. Tuseme 46. Hiyo ndo namba ambayo kwa miongo mingi mainjinia, hasa wa Marekani na wale waliosomea vitabu vya kule, wameichukua wakaisogeza kwenye tano ya karibu, 45, wakaiandika kwenye kibao. Idadi ya ajali, shule, kona zisizoonekana mbele, wingi wa watu wanaovuka, hivyo vyote viliruhusiwa kuishusha kidogo, ila hesabu inaanzia kwa lile gari la 85. Yani madereva wanapiga kura kwa mguu wa kulia, ofisi inatangaza matokeo, na bibi anayevuka na fimbo yake hana kadi ya kupigia kura. Ndo maana barua yako inaweza ikakurudia kinyume kabisa: mmelalamika watu wanakimbia, tumekuja tukapima, tukakuta ni kweli wanakimbia, kwa hiyo namba ya kibao ipandishwe.

Usidhani natia chumvi. California sheria ilikuwa inawazuia polisi kupiga tochi kwenye barabara nyingi za mji kama utafiti wa spidi umepitwa na muda, na mji ukienda kupima upya unakuta magari yameongeza mwendo, kwa hiyo Los Angeles ikajikuta inapandisha spidi kwenye baadhi ya barabara zake ili tu polisi waweze kukamata wanaokimbia. Ukipandisha leo watu wanazoea, wanaongeza kidogo juu yake, mkirudi baada ya miaka kadhaa gari la 85 nalo limesogea. Mwaka 2021 ndo jimbo likapitisha sheria inayoachia miji ishushe kidogo kwenye barabara zenye majeruhi wengi na zenye biashara.

Waliobuni utaratibu huo hawakuwa wajinga lakini, tuwatendee haki. Walisema dereva wa kawaida ana akili, hataki kufa, na sheria ambayo wengi wanaivunja huwezi kupata polisi wa kutosha kuisimamia. Pia kulikuwa na utafiti wa Solomon wa 1964 ulioonyesha kwamba anayekwenda taratibu sana au kasi sana kuliko wenzake ndo anayepata ajali zaidi, kwa hiyo bora wote waende sawa. Tatizo ni kwamba ule utafiti ulifanywa kwenye barabara kuu za nje ya miji. Mtaani mwenye spidi tofauti na gari ni mtoto aliyefuata mpira, sio gari lingine, na yeye huwezi kumwambia aende sawa na wenzake. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilisema mwaka 2017 kwamba kutegemea lile gari la 85 kunaweza kuzidi kupandisha spidi, na mwongozo wa alama za barabarani wa nchi hiyo, toleo la Desemba 2023, sasa unataka mazingira ya barabara na watu wanaoitumia wahesabiwe pia, sio ile namba peke yake.

Njia ya pili inaanzia upande mwingine kabisa, inaanzia kwenye mwili. Uswidi bunge lao liliamua mwaka 1997 kwamba barabara zijengwe kwa lengo la kutokuwa na vifo wala vilema, na kutokea hapo wataalamu wakajiuliza, mtu akikosea, na atakosea tu, mwili wake unavumilia nini? Wakapata kama hivi: pale watu na magari wanapochanganyika iwe 30, pale magari yanapoweza kugongana ubavuni kama kwenye makutano iwe 50, pale yanapoweza kugongana uso kwa uso iwe 70. Hapo huhitaji tochi ili kujua spidi ya mtaa, unahitaji kuangalia nani anapita. Tochi inakuja baadaye, kujua barabara iliyopo imeachana kiasi gani na spidi inayotakiwa.

Kwa nini 30 na sio 40, maana hilo ndo naulizwa kila mkutano, "kumi tu injinia, kumi ina shida gani?" Haya, twende polepole. Mtoto anatokea nyuma ya gari lililoegeshwa, mita 20 mbele yako. Dereva wa kawaida anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kushtuka na kuhamisha mguu, na muda huo wote gari linatembea vile vile. Ukiwa 30 unakuwa umekula mita 12 na nusu, breki kwenye lami kavu inachukua mita 5 nyingine, umesimama umebakiza zaidi ya mita mbili, mtoto anakutolea macho, unamfokea, maisha yanaendelea. Ukiwa 40 unakula karibu mita 17 kabla breki haijashika, zimebaki tatu, unamgonga ukiwa bado kwenye 30 na kitu. Ukiwa 50 zile sekunde moja na nusu peke yake ni karibu mita 21. Yani unamgonga na 50 yako yote, mguu ndo kwanza unafika kwenye breki. Huyo sio dereva mzembe, hajalewa, hakuwa kwenye simu, na sheria ya nchi nyingi inasema alikuwa sahihi kabisa.

Ndo maana pia mainjinia wanajali mabadiliko ambayo wewe unayaona ni madogo madogo. Shirika la Afya Duniani linatumia kanuni kwamba wastani wa spidi ukipanda asilimia 1 ajali zenye vifo zinapanda kama asilimia 4.

Na muda je? Kutoka mlangoni kwako mpaka barabara kubwa tuseme ni mita 500. Kwa 50 ni sekunde 36, kwa 30 ni sekunde 60. Sekunde 24, na hiyo ni kama hakuna kona wala kivuko wala mtu anayegeuza gari, kitu ambacho hakipo kwenye mtaa wowote ninaoujua mimi.

Sasa kibao chenyewe, kinafanya kazi au ni pambo? Boston ilishuka hadi maili 25 Januari 2017, watafiti wakapima kabla na baada, wakakuta wastani wa spidi karibu haukutikisika, ukiangalia hapo tu utasema wamepoteza rangi na mabati. Ila uwezekano wa kukuta wanaopita maili 35 kwa saa ulipungua kwa asilimia 29, na hao ndo wanaoua. Wales Septemba 2023 iliweka maili 20 kama spidi ya kawaida ya nchi nzima kwenye maeneo ya makazi, zaidi ya watu 400,000 wakasaini kupinga, baadhi ya barabara zikaruhusiwa kurudishwa maili 30, na hata hivyo majeruhi kwenye barabara za aina hiyo walishuka kama robo hivi. Helsinki ndo ninayopenda kuitaja, zaidi ya nusu ya mitaa yake ni 30, na ilimaliza miezi 12 mpaka Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa barabarani. Lakini Helsinki haikuweka vibao ikaenda kulala. Walibana njia, wakapanda miti, wakafunga kamera, wakafanya hivyo kwa miongo.

Maana barabara yenyewe inaongea na dereva kabla kibao hakijaongea. Gari dogo halifiki upana wa mita 2, lori kubwa ni kama mita 2 na nusu, alafu unakuta mtaa wa nyumba umechorewa njia ya mita 3.6, upana wa njia ya barabara kuu, umenyooka, hakuna mti, hakuna kitu pembeni, kibao kimeandikwa 30. Mguu unaamini lami. Ukiibana hiyo njia iwe mita 3, ukaleta kona za makutano karibu ili gari lisiweze kukata kwa kasi, ukainua kivuko kikawa kama jukwaa, watu wanapunguza mwendo wenyewe hata wale ambao hawajawahi kusoma kibao maishani.

Na matuta, maana najua mnayasubiri. Lile fupi kali kama gogo lililolazwa barabarani ndo mnalolipenda, lakini lina tabia mbaya, ukilipita taratibu linakuvunja kiuno, ukilipita kwa kasi springi zinalimeza, kwa hiyo linamwadhibu mstaarabu. Maabara ya barabara ya Uingereza ililigundua hilo miaka ya 1970, ikaja na tuta la mgongo mpana, urefu wa mita 3.7 na kimo cha kama sentimita 10, hilo kadiri unavyokimbia ndo linavyokurusha. Kwenye njia ya zimamoto na ambulensi yanakatwa vipande ili gari pana lipitishe magurudumu pembeni.

Kwa hiyo ukiandika barua yako usiombe kibao peke yake, na usiombe "mpime spidi", hilo neno ndo linaloita lile gari la 85. Andika nani anapita hapo na saa ngapi, watoto wangapi wanavuka asubuhi, wapi magari yaliyoegeshwa yanaziba macho, pima upana wa lami kwa futi kamba uandike, uliza ni sheria gani inasema namba ya kibao isishuke chini ya ngapi na nani anaweza kuibadilisha. Picha ya gari lililoegeshwa na mtoto nyuma yake, iliyopigwa kutoka usawa wa kiti cha dereva, iweke juu kabisa. Ya paka iweke chini.