Banki mpya haileti feza, inakuja kutafuta zako

Jumamosi tena. Niko kwa harusi Kamalondo, hapa Lubumbashi, Fanta yangu sijaimaliza, shemeki mmoja ananivuta pembeni: "Shemeki, ile banki ya Tanzania beko hapa sasa, njo kusema kredi itashuka bei, sindiyo?" Mwaka huu ni mtu wa ngapi sijui tena. Basi naandika hapa, atakayeuliza tena natuma linki tu.

Mi nafanya banki miaka kumi na sita, mara mbili nimekuwa kwa ekipi ya kufungua ajansi, kusema tawi la banki, kwa mji mpya, na mara zote mbili hakuna aliyeuliza nani wa kukopesha. Swali lilikuwa depo, feza watu wanaweka banki, iko wapi.

Haraka haraka: Equity ya Kenya iliingia Kongo 2015 kwa kununua banki ya ProCredit, 2020 ikachukua BCDC, ile banki ya zamani yenye mizizi ya 1909. KCB, nayo ya Kenya, ikanunua 85% ya banki ya TMB mwisho wa 2022, na TMB ni mtoto wa hapa hapa, wa 2004. CRDB, ile ya Tanzania, yenyewe haikununua banki ya mtu, ilianza mpya 2023 hapa Lubumbashi. Wengi wanasema ni juu ya Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Labda, lakini Equity ilikuwa hapa miaka saba mbele. Mi nasema nenda usimame Kasumbalesa, kwa mpaka wa Zambia, uangalie malori: shaba inashuka Dar es Salaam, mali inapanda, na nyuma ya kila lori kuna mtu mwenye konti kule na madeni huku. Banki inamfuata kliyan wake. Shemeki yangu hawamjui.

Sasa kitu kinachonichosha kabisa: filiale, kusema banki-mtoto ya banki ya nje. Ikishapata leseni hapa, ile "banki ya Tanzania" ni kampuni ya sheria ya Kongo, ina kapitali yake, inaangaliwa na Banki Kuu ya Kongo. Feza aliyoweka mama mmoja kule Mbeya haivuki mpaka kuja kukununulia Noah. Banki mzazi inaleta kapitali ya kuanzia, na ukishatoa majengo, jenereta, walinzi, mashine na programu, kinachobaki hakiwezi kukopesha mji mzima. Kinachokopeshwa ni depo za hapa, kusema zako na za jirani yako. Na mtu ananiambia binamu yake Dar alipata kredi kwa riba ndogo! Ile ni shilingi, huku tunakopeshana dola, unalinganisha nini na nini?

Tena hiyo dola. Franka Banki Kuu inaweza kuchapa, dola haiwezi. Siku watu wote wakikimbilia gishe kutoa dola zao hakuna wa kutuokoa, ndiyo maana kila banki hapa inalalia rundo la dola, nyingine kwa kofri, nyingine kwa banki za nje, na feza iliyolala hailipi mshahara wa mtu. Anayelipia usingizi wake ni mwenye kukopa. Mtu atakuambia ni roho mbaya tu, sawa, roho mbaya nayo iko, lakini aanze na hii.

Halafu umri wa feza. Mshahara unaingia tarehe 25, tarehe 28 konti imebaki dola mbili. Mtu wa kontra za migodini anasubiri siku 60, siku 90, akilipwa asubuhi jioni imeshakwenda kwa mafuta na wafanyakazi. Kwa vitabu inaitwa depo, mi naita feza inayopita kusalimia. Huwezi kuchukua feza ya namna ile umpe mtu miaka mitano ajenge nyumba, kwa hiyo tunatoa miezi sita, miezi kumi na mbili, na kwa riba ya juu.

Garanti sitazungumza sana: fishi ya parseli, ile karatasi ya kiwanja, haiko sertifika ya anrejistrement, hati yenyewe ya umiliki, mukasirike munavyotaka.

Ila na sisi tuseme ukweli wetu. Ajansi moja tuliipanda karibu na soko, wiki mbili tunahesabu watu wanaopita barabarani, tabo ya Excel ilikuwa nzuri ajabu. Kufungua tu, mustari mpaka nje, nikafurahi kama mjinga, kumbe wote wamekuja kutoa mshahara! Wauzaji ambao tulikuja juu yao, feza yao ilibaki kwa kambiste mwenye kubadilisha feza, kwa Airtel Money, na ndani ya kikwembe. Direktere akauliza, nikasema itakuja. Ningali nasubiri.

Na kingine: tukimkatalia mama wa unga tunaandika "riski" kwa dosie. Mara nyingi ni kwamba hakuna kati yetu anayejua kusoma kaye yake, daftari la hesabu zake. Hiyo sijawahi kuiona kwa raporo yoyote.

Shemeki nilimueleza yote haya, akanisikiliza vizuri, hata kichwa alitikisa. Nikamwambia apitishe feza zake kwa konti miezi sita, kiisha aje tuongee. Akacheka: bibi yake mwezi uliopita zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangishana feza, ilifika, alikamata dola elfu moja, bila fishi, bila garanti, bila kusaini kitu. "Sasa weye, miezi sita juu ya nini?"

Nikaenda kutafuta Fanta nyingine.