Je, wajua kwa nini fostroki ndogo (injini ya mapigo manne) ndo inamfaa mtu mzima anayerudi kwenye pikipiki ya porini?

Nyanda za Juu Kusini huku kuna watu wengi walishaendesha Yamaha DT na Honda XL enzi zao, wengine za mradi, wengine za ofisi ya kilimo, halafu zikaja ndoa, watoto, gari, ikawa basi. Sasa mtu ana miaka 45, shamba lake la viazi liko Isyonje au Matamba, gari mvua zikianza halifiki, anataka pikipiki tena. Swali la kwanza anauliza ipi ina nguvu. Mkuu, uliza kwanza hiyo nguvu inakuja lini.

Tustroki (ya mapigo mawili) inawaka kila kranki inapozunguka mara moja. Fostroki inawaka kila ikizunguka mara mbili, yaani inavuta, inabana, inalipua, inatoa. Ukipiga hesabu ya haraka unaona tustroki ndo mashine, na kweli cc zikiwa sawa mara nyingi inamwacha mwenzie. Ila nguvu yake, hasa hizi za mashindano, imelala juu, injini ikizunguka kasi: chini unavuta mafuta hamna kitu, halafu ghafla inaamka na gurudumu la mbele linataka kuondoka, na wewe miaka kumi hujashika klachi, uko kwenye tope la Tukuyu. Fostroki inaanza kuvuta chini kabisa, unapanda na gia ya pili taratibu hata ukikosea klachi kidogo haizimi hovyo.

Kuteremka ndo kitu watu wanasahau. Zile kona za Matamba kushuka Chimala, fostroki ukiachia mafuta injini yenyewe inakushika, breki zinapumzika. Tustroki inashika kidogo sana, karibu kama umeweka fri, na kwa kuwa oili yake inaingia pamoja na petroli, ukifunga mafuta mteremko mrefu pistoni nayo inapata oili kiduchu. Mimi kwa hili tu naacha ubishi.

Haya, mwinuko. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Kitulo inafika 2,600. Kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 12 kule Kitulo umebaki na 9 hivi, na kama ni ya kabureta petroli inazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi, inakohoa. Fundi anaweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi, inatulia. Ya injeksheni (kompyuta ndo inapima petroli) inajirekebisha yenyewe, raha tupu, ila ikigoma huko Kikondo nani ataifungua? Kabureta mtu mwenye bisibisi na subira anaimaliza.

Hapo ndo watu wanasema basi nichukue ya mashindano ya cc 450 nifidie. Hapana jamani. Fostroki za mashindano siti iko kama sentimita 95 kutoka chini, kubadilisha oili na pistoni kunahesabiwa kwa masaa ya kukimbia sio kilomita, taa hazina, utaisajilije? Dawa ya mlima ni sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno linalozungusha cheni), toa ya meno 13 weka ya 12, unapata mvuto zaidi kama asilimia 8 kwa hela ndogo, spidi ya lami inapungua lakini we si unaenda shamba.

Angalia Honda XR150L, siti kama sentimita 82, uzito kilo 129 hivi, mguu unafika chini ukisimama kwenye mteremko, na ikilala unaweza kuiinua peke yako. Yamaha AG200 nayo ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, cheni imefunikwa kabisa na matope hayaingii, sura mbaya lakini kazi anafanya. CRF250F ni tamu kuliko zote hizo porini, ila inatoka kiwandani bila taa. Boxer inapanda pia, sikatai, tatizo gurudumu dogo linadumbukia kila shimo, la inchi 19 au 21 linapita juu ya mawe, ukiongeza tairi za kashata, zile za meno makubwa, ndo kabisa.

Ukienda kununua iliyotumika, gusa injini kabla hujapiga kiki, ikiwa ya moto ujue wameshaiwasha ili usione inavyosumbua asubuhi na baridi la Njombe. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimekwisha. Na nyie mliozoea DT za tustroki, ile tanki ya oili ya pembeni kwenye hizi fostroki haipo, oili iko chini ndani ya injini, kama lita moja tu, kwa hiyo ikipungua kidogo ni nyingi, pima kila kabla ya kupanda.