Kulanti haikai kwenye chupa ya soda

Ukiniuliza kimiminika gani cha gari nakiogopa zaidi nyumbani, nitakujibu kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hasa ikishatolewa kwenye rejeta. Ina rangi ya kijani au nyekundu kama juisi, ni tamu, na mara nyingi huishia kwenye chupa ya soda pembeni ya mlango. Sumu iliyomo ni ethilini glaikoli. Kiasi cha mililita 100 hivi chaweza kumuua mtu mzima; kwa mtoto, mafunda machache ni hatari tosha. Mwanzoni anayeinywa huonekana kama mlevi: anayumba, anatapika, anasinzia. Baadaye anaweza kuonekana amepata nafuu kumbe figo zinaharibika. Usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani yataondoa sumu. Mpeleke hospitali mara moja, na uende na chupa yenyewe ili daktari ajue anatibu nini.

Kwa hiyo kabla hujafungua koki ya rejeta, tafuta dumu la lita 10 lenye mfuniko wa kuzungusha na uandike SUMU kwa wino usiofutika. Gari dogo hubeba lita 5 hadi 7, zitaenea. Iliyodondoka chini ifunike kwa mchanga au pumba za mbao, uzoe, kisha uoshe sakafu. Mbwa na kuku hawaachi kitu kitamu.

Sasa joto. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94, si 100 kama Dar es Salaam. Injini hufanya kazi kwenye nyuzi 90 au zaidi, na kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Ukiufungua gari likiwa ndiyo kwanza limemaliza kupanda mlima Kitonga, mgandamizo unatoka ghafla, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Baridi ya Juni isikudanganye: boneti inapoa haraka, injini haipoi. Subiri saa nzima. Minya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa mgumu au wa moto, bado. Ukilainika na kupoa, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, geuza uso pembeni, zungusha robo mpaka ugote, sikiliza hewa iishe, ndipo ubonyeze na kuufungua kabisa.

Petroli. Tafadhali acheni kuinyonya kwa mdomo na mpira! Tone likikosea njia na kuingia kwenye mapafu huleta uvimbe mbaya wa mapafu, na ndiyo sababu aliyemeza hatapishwi: ikirudi juu, nafasi ya kuingia mapafuni inaongezeka. Tumia pampu ya mkono. Na huku kwetu kuna kosa la msimu wa baridi, watu kuingiza jiko la mkaa kwenye banda la gari ili wapate joto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uufikie moto ulio mita kadhaa mbali, na mkaa wenyewe hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko libaki nje, na lisiwe upande ambako upepo unapeleka mvuke.

Kwenye betri, toa kwanza waya wa hasi, na vaa miwani, maana tindikali hupofusha. Ikiruka jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, kisha hospitali. Iliyomwagika sakafuni inyunyizie magadi yale yale ya kupikia maharage, mpaka povu liishe. Usiyapake kwenye ngozi. Ngozi ioshe kwa maji tu.

Mafuta ya breki hula rangi ya gari, basi yakidondoka yamwagie maji papo hapo. Chupa iliyokaa wazi hunyonya unyevu na mafuta hayo huchemka mapema, jambo baya sana ukiwa unashuka mlima.

Oili chafu itoe injini ikiwa vuguvugu, si ya moto, na uvae glovu. Ikizoea kugusa ngozi miaka na miaka yaweza kuleta saratani. Usiipake kwenye vidonda vya ng'ombe, usiimwage mtaroni. Ifunge kwenye dumu lake, uipeleke gereji inayokusanya.