Je, wajua? Kwa nini kompyuta huanza kusasisha, kisha ikaghairi

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, huja na lalamiko lilelile: "Fundi, imeapdeti mpaka katikati, halafu imerudi ilikokuwa." Juzi lilikuwa la mwalimu wa hesabu kutoka Sengerema. Alikuwa akitoka Windows 10 kwenda Windows 11, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Alikuwa amejaribu mara tatu, na mara zote tatu bando lilikuwa lake.

Kabla ya yote nilitazama pembe ya kioo. Ilikuwa saa sita mchana na jua linawaka, lakini laptopu ilisema ni usiku wa manane, 1 Januari 2018.

"Mwalimu, saa yako ina miaka mingapi imekufa?"

"Hiyo? Huwa naipuuza tu."

Wengi huipuuza. Lakini kompyuta ikitaka kupakua sasisho, huomba kwanza cheti cha usalama cha seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa sasisho, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini iko mwaka 2018 ikioneshwa cheti kilichotolewa mwaka jana, huona ni cheti ambacho hakijaanza kutumika, inakataa, na sasisho linakwama kabla hata ya kuanza. Mwenye kompyuta hulaumu mtandao.

Kinacholinda saa ni kijibetri cha duara mfano wa sarafu, CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kwenye laptopu nyingi za mtumba kimeshachoka, na betri kubwa nayo imekufa, kwa hiyo mashine huishi kwa chaja. Umeme ukikatika, saa inarudi mwanzo. Nilikibadilisha, nikaweka tarehe, na upakuaji ukaanza bila ubishi.

Hapo ndipo tukafika kwenye lalamiko lenyewe. Ilisakinisha, ikajizima na kuwaka, ikapita nusu ya safari, kisha maandishi yakabadilika: inatengua mabadiliko. Mwalimu akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Usiguse, mwalimu. Tafadhali."

Kwa nini inatengua? Mtu aliyetoka Sengerema haelezwi sana jambo hili. Daraja la Kigongo–Busisi, njia yake ya kuja Mwanza, lilipokuwa likijengwa, takribani kilomita 3 juu ya maji, vivuko viliendelea kuvusha watu na magari pembeni yake mpaka lilipofunguliwa Juni 2025. Hakuna aliyeuza kivuko ili anunue nguzo. Windows hufanya vivyo hivyo. Huamsha mfumo mdogo wa akiba, huweka mafaili ya zamani kando kwenye folda iitwayo Windows.old, hujenga mapya, kisha hujaribu kuwaka kwa kutumia hayo mapya. Yakigoma, hurudisha ya zamani mahali pake. Hiyo "imeshindwa" unayoiona ni mashine kujiokoa. Inayokufa kabisa mara nyingi ni ile iliyozimwa ikiwa katikati ya kurudi, ndiyo maana laptopu isiyo na betri sipendi kuisasisha siku umeme unapochezacheza.

Iliporudi, kwenye historia ya masasisho kulikuwa na namba: 0x80070070. Watu huziona namba hizi kama laana, kumbe zinasomeka. Sehemu ya 8007 husema tu kwamba kosa limetoka ndani ya Windows kwenyewe. Ile 70 ya mwisho imeandikwa kwa msingi wa 16. Nilimwachia mwalimu aipige mwenyewe: saba mara kumi na sita, 112. Katika orodha ya makosa ya Windows, 112 maana yake diski imejaa.

Kweli, ilikuwa imebaki GB 6. Video za harusi. Tulizihamishia kwenye diski ya nje mpaka ikapatikana nafasi ya GB 25 na ushei, kisha nikachomoa kila kitu: hiyo diski, flashi, modemu, hata waya wa printa. Vifaa vya pembeni huweza kuvuruga usakinishaji, na kuvichomoa ni bure.

Kama nafasi ingekuwepo na bado ikagoma, ningeshuku mafaili ya mfumo kuharibika. Hapo hufunguliwa dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, unasubiri imalize, ndipo unaandika sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu yake: ya pili hutengeneza mafaili kwa kuchota kwenye ghala la mfumo, na ya kwanza ndiyo inayolikarabati ghala lenyewe. Ukianza na ya pili unaweza kuchota kwenye ghala bovu.

Wapo wanaokimbilia kufuta vilivyomo kwenye folda ya SoftwareDistribution, ambako vipande vilivyopakuliwa huhifadhiwa. Inasaidia kama kipande kimeharibika, ila inakulazimu kupakua upya. Kwa mtu wa bando mimi huiweka karibu na mwisho. Na kupiga windo upya, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha Windows kutoka mwanzo, ambako mafundi wengine huanzia, huwa ndiyo mwisho kabisa, baada ya mafaili kuhifadhiwa kwingine.

Safari hii ilivuka. Saa kumi jioni Windows 11 ikawaka, tarehe sahihi pembeni. Mwalimu akaiona Windows.old, akauliza kama aifute sasa hivi arudishe video zake.

"Iache siku 10, mwalimu. Ukiona kitu hakiendi sawa, ndiyo njia yako ya kurudi Windows 10. Zikipita, itajifuta yenyewe."

"Kumbe mmeniachia kivuko," akasema, akafunga begi kuwahi gari la Busisi.