Posa, Ukoo na Hofu ya Wazimu wa Kurithi
Posa inapoletwa, Unguja na Pemba, wazee huulizia ukoo, na akitajwa mjomba aliyewahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, baadhi ya watu huhitimisha kwamba wazimu umo damuni na watoto hawataukwepa. Hitimisho hilo si sahihi, ingawa halikuzuka hewani.

Urithi upo. Hatari ya mtu yeyote kuugua skizofrenia, maradhi ya akili ambayo wengi huyaita wazimu, maishani ni karibu 1 kwa 100, na kwa mtoto wa mzazi mmoja mgonjwa hukaribia 10 kwa 100, maana yake takriban watoto 90 kati ya 100 hawaugui maradhi hayo. Hata kwa mapacha wa kufanana, ambao jeni (vinasaba) zao ni zile zile, mmoja akiugua, mwenzake mara nyingi husalimika. Wala hakuna jeni moja ya wazimu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulibaini maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, mengi yakichangia kidogo mno, na kila mmoja wetu amebeba baadhi yake. Wagonjwa wengi hawana mzazi aliyeugua, kwa hiyo ukoo unaosifiwa kuwa safi nao haudhamini kitu.

Kwa kijana aliyekwisha kuanza kujitenga, kushuku watu bila sababu au kusikia sauti hafifu wasizosikia wengine, dalili zinazoweza kutangulia maradhi hayo, historia ya ukoo ni jambo moja tu la kumweleza daktari. Bangi, hasa ikianza kuvutwa katika umri mdogo, ni jingine, na hilo, tofauti na mjomba, linaweza kuachwa.