Kuiga Mtindo Sio Kosa, Kosa Ni Kukopi Kazi ya Mtu

Malalamiko ya wachoraji yamezidi siku hizi so naomba tuelewane, maana kuna wanaolalamika na hawajaibiwa chochote, na kuna walioiba ambao wanaamini kabisa hawajaiba.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha staili ya uchoraji inayoitwa kwa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar, akafariki 1972. Miaka 4 tu. Lakini kina January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia walikaa pembeni yake wakaangalia mkono unavyokwenda, wakafuata, na wao wakafuatwa, ndo maana mpaka leo Oysterbay unawakuta wachoraji na vikopo vyao vya rangi. Bila kuiga, staili ile ingezikwa na mwenyewe. Mtoto anajifunza kuongea hivyohivyo, na malenga pia, mizani 8 kwa 8 na vina hakutunga yeye, kavikuta. Kwa hiyo ukija kuniambia "fulani anachora Tingatinga kama mimi" nakujibu hapana ndugu yangu, mtindo hauna mwenyewe.

Kinacholindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ni kazi yenyewe. Juzi niliwekewa mezani picha mbili, chui juu ya tawi, nikahesabu madoa ya mguu wa mbele, 17 huku 17 kule, na ndege aliyekosewa bawa kakosewa kulekule. Sahihi tu ndo tofauti. Hapo hakuna staili, hapo kazi ya mtu imepigwa kopi.

Na hii habari ya "nimebadilisha asilimia 30 so sio kopi" naomba iishe jamani, sheria haina asilimia popote. Kununua picha nako sio kununua hakimiliki, tundika ukutani, ila ukitaka kuichapa kwenye tisheti za biashara pata ruhusa ya mchoraji, na iwe ya maandishi yenye sahihi yake.

Haki inaanza kazi inapotengenezwa, hata hujasajili. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakusaidia kwenye ushahidi, so piga picha kazi ikiwa bado kwenye chaki, piga tena rangi ya kwanza ikikauka, tunza risiti, andika tarehe nyuma. Ulinzi ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, watoto wanaweza kudai. Anayekutwa na hatia kuna faini, kifungo au vyote viwili, kopi zinaweza kukamatwa na kuharibiwa, na fidia unadai vilevile.

Yule kijana aliyekopi picha ya chui nilimpa chaki nikamwambia nichoree chui bila kuangalia popote. Akachora chui kalala, mkia unaning'inia, jicho moja limefumba, dakika kumi hazikufika. Nikamuuliza mbona hii hukuwahi kuiuza. Akasema mteja alimuona rafiki yake na ile picha ya mchoraji jirani, akataka ileile, na kodi ya chumba ilikuwa imefika.